Kalamu iliyokata neno moja: Maisha ya A. Lalitha, mhandisi wa umeme

Aliolewa akiwa na miaka 15, akawa mjane akiwa na miaka 18 na mtoto mchanga mikononi. Miaka sita baadaye alikuwa miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza kuhitimu uhandisi katika chuo cha Guindy, India.

Vyeti vilikuwa vimekwisha kuchapwa. Katika Chuo cha Uhandisi cha Guindy, mjini Madras, cheti cha shahada kilikuwa na maneno yaleyale mwaka hadi mwaka, na maneno hayo yalimzungumzia mhitimu kama mwanamume. Kiingereza kina neno la kumtaja mwanamume na neno jingine la kumtaja mwanamke, na waliotunga cheti kile hawakuona haja ya kuliweka la pili. Kwa hiyo walipohitimu wanawake katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, ilibidi mtu ashike kalamu, alikate neno la kiume na kuandika la kike kwa mkono.

Msomaji wa Kiswahili anahitaji kuelezwa jambo hilo polepole, kwa sababu lugha yetu haina shida hiyo. Tunasema “yeye”, na “yeye” anaweza kuwa baba au mama, kijana au binti. “Mhandisi amefika” ni sentensi isiyomfungia mtu mlango. Hata hivyo, jiulize picha inayokujia unapoisikia. Wengi wetu humwona mwanamume aliyevaa kofia ngumu, na akitokea mwanamke tunaongeza neno: “mhandisi mwanamke”. Lugha imeacha nafasi wazi, lakini mawazo yetu yameijaza kabla mtu hajaingia.

Ndiyo maana nimependa kusimulia maisha ya mmoja wa wanawake wale wa Guindy. Jina lake ni Ayyalasomayajula Lalitha, maarufu kama A. Lalitha, mwanamke wa kwanza nchini India kusomea uhandisi wa umeme. Husimuliwa mara nyingi kama shujaa aliyepambana peke yake. Kwa kadiri ninavyoyafahamu maisha yake, kipaji na ujasiri alikuwa navyo tele, lakini kilichoifanya safari yake iwezekane ni watu kadhaa waliokuwa tayari kupanga mambo upya: nani abishe hodi kwa mkuu wa chuo, nani amlee mtoto, nani alale kitanda cha jirani bwenini.

Bi harusi wa miaka 15

Lalitha alizaliwa Madras, mji unaoitwa Chennai leo, tarehe 27 Agosti 1919, katika familia ya Kitelugu. Alikuwa mtoto wa tano kati ya saba. Baba yake, Pappu Subba Rao, alikuwa profesa wa uhandisi wa umeme katika chuo kilekile cha Guindy. Nyumba yao ilikuwa ya watu wa elimu, lakini elimu yenyewe ilipimwa kwa vibaba viwili. Watoto wa kiume walisomeshwa mpaka wakawa wahandisi. Watoto wa kike walipewa elimu ya msingi, kisha wakaozwa.

Mwaka 1934 ikafika zamu ya Lalitha. Baba yake aliweka sharti moja: ndoa isimkatize masomo kabla hajamaliza darasa la kumi. Lilikuwa sharti dogo, na pengine siku ile ya harusi hakuna aliyelitilia maanani. Baadaye ndilo lililomwachia njia ya kurudi darasani.

Mwaka 1937 alijifungua mtoto wa kike. Mtoto alikuwa na miezi minne tu mume wa Lalitha alipofariki dunia. Lalitha alikuwa na miaka 18.

Ili kuelewa uzito wa neno “mjane” katika India ya wakati ule, hasa katika familia za matabaka ya juu ya Kihindu, inabidi tukumbuke mila zilizomzunguka. Mjane alihesabiwa kuwa mkosi. Katika familia nyingi alinyolewa nywele, akavuliwa mapambo, akavishwa sari isiyo na rangi na kuwekwa mbali na sherehe, ili asiwapelekee wengine balaa yake. Sheria ya kuwaruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena ilikuwepo tangu mwaka 1856, lakini sheria ni kitu kimoja na macho ya majirani ni kitu kingine. Mjane mwenye umri wa mwari alitakiwa kuishi miaka yake yote iliyobaki kama mtu aliyekwisha kufa.

Ndani ya nyumba ya wakwe mambo yalikuwa magumu vilevile. Mama mkwe wake alikuwa amempoteza mtoto wake wa kumi na sita, na uchungu ule aliumwaga juu ya mkaza mwana. Binti wa Lalitha amelisimulia jambo hilo akiwa mtu mzima, na amelisimulia kwa huruma: bibi yake naye alikuwa mama aliyelemewa na misiba. Lakini Lalitha hakukubali kuyafanya machungu ya mtu mwingine kuwa hatima yake. Alimbeba mwanawe na kurudi kwa baba yake.

Baba alipobisha hodi

Alichokitaka kilikuwa wazi. Alitaka kazi itakayomlisha yeye na mtoto bila kumtegemea mtu. Alijiunga na Chuo cha Queen Mary mjini humo, akamaliza masomo yake ya kati kwa daraja la kwanza. Njia iliyokuwa imezoeleka kidogo kwa mwanamke msomi ilikuwa udaktari, na Lalitha aliifikiria. Akaiacha kwa sababu ambayo mama yeyote anayelea peke yake ataielewa mara moja: daktari huitwa usiku wa manane, na yeye alikuwa na mtoto mdogo. Alihitaji kazi yenye saa zinazojulikana.

Kaka zake walikuwa wahandisi. Baba yake alikuwa akiwafundisha wahandisi. Tangu utotoni alikuwa amesikia habari za mota na mikondo ya umeme sebuleni kwao, kama mtoto wa mvuvi anavyosikia habari za tanga na upepo. Akasema anataka uhandisi.

Guindy si chuo cha jana. Kilianza mwaka 1794 kama shule ya upimaji ardhi. Kwa karibu miaka 150 hakikuwa kimempokea mwanamke. Profesa Subba Rao alikwenda kwa mkuu wa chuo, K. C. Chacko, na kwa mkurugenzi wa elimu wa Madras, R. M. Statham, akawaombea binti yake nafasi. Wote wawili walikubali. Mwaka 1940 Lalitha aliingia Guindy kusomea uhandisi wa umeme.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Ni rahisi kusema kwamba alikuwa na bahati ya kuwa mtoto wa profesa. Ni kweli, na tusiifiche. Wasichana wangapi wa Madras walikuwa na akili kama yake, lakini baba zao hawakuwa na njia ya kufika katika ofisi ya mkuu wa chuo? Lakini profesa huyohuyo ndiye aliyemwoza akiwa na miaka 15. Alikuwa mtu wa zama zake. Msiba ulipomrudisha binti yake nyumbani, angeweza kumfungia chumbani kwa jina la heshima ya ukoo, na hakuna jirani ambaye angemlaumu. Yeye akavaa viatu, akaenda kubisha hodi. Mtu anaweza kulelewa na mila na bado, siku mwanawe anapomhitaji, akachagua upande wa mwanawe.

Kitanda cha pili na cha tatu

Chuo kilimtengea bweni lake. Wanafunzi wa kiume walikuwa mamia, yeye mmoja, na kwa simulizi za familia yake walimheshimu na kumsaidia. Mtoto alikaa kwa mjomba wake, naye Lalitha alikwenda kumwona kila mwisho wa wiki. Kilichomtesa kilikuwa upweke. Jioni wenzake walipokaa pamoja kujadili hesabu za siku, yeye alirudi bwenini mahali ambapo hapakuwa na wa kumuuliza swali wala wa kucheka naye.

Baba yake aliona mtoto wake anadhoofika, akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote katika kisa hiki. Angeweza kuridhika kwamba wake amekwisha kuingia. Badala yake aliwashawishi wakuu wa chuo, na likatolewa tangazo la kuwaalika wanawake wengine waombe nafasi Guindy. Wakaja wawili, Leelamma George na P. K. Thressia, wote wakisomea uhandisi wa ujenzi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na bweni la mtu mmoja likawa bweni la watu watatu.

Wale wawili walikuwa nyuma ya Lalitha kwa mwaka mmoja, lakini vita viliwakutanisha. Kwa kuwa nchi ilihitaji wahandisi haraka, chuo kikuu kilifupisha masomo, na wanawake wote watatu wakamaliza pamoja mwaka 1943. Kalamu ile ya kukata neno la kiume ilitumika mara tatu.

Thressia alifika mbali sana. Aliingia katika kazi za umma, na mwaka 1971 akawa mhandisi mkuu wa idara ya ujenzi ya jimbo la Kerala, akiongoza ujenzi wa barabara, madaraja na majengo ya serikali. Leelamma George naye alifanya kazi katika idara ya ujenzi ya Travancore, dola ya zamani kusini mwa India. Fikiria madaraja ambayo watu wa Kerala wanapita leo, na ujue kwamba sehemu ya historia yake ilianzia kwa baba mmoja aliyeona binti yake yu mpweke.

Kutoka karakana hadi milimani

Shahada ya uhandisi haikamiliki bila mikono kuchafuka. Lalitha alipelekwa Jamalpur, katika jimbo la Bihar, kwenye karakana kubwa ya reli iliyokuwepo tangu mwaka 1862. Alikaa huko mwaka mmoja akijifunza kazi kwa vitendo.

Mwaka 1944 aliajiriwa kama msaidizi wa uhandisi katika shirika la viwango la serikali huko Simla, mji wa milimani kaskazini mwa India. Aliichagua Simla kwa hesabu ileile ya mtoto: kaka yake mmoja aliishi huko, na angeweza kukaa naye pamoja na binti yake. Alifanya kazi hiyo hadi Desemba 1946, na katika miaka hiyo alifanya pia mtihani wa Taasisi ya Wahandisi wa Umeme ya London.

Kisha baba yake akamwita. Profesa Subba Rao alikuwa mtu wa uvumbuzi. Alikuwa akitengeneza ala ya muziki inayotumia umeme na majiko yasiyotoa moshi, na akataka msaidizi anayemwamini. Baba na binti wakafanya kazi pamoja kwa miezi michache. Ilikuwa kazi yenye furaha, lakini haikuwa na mshahara wa kumsomesha mtoto. Lalitha akatafuta ajira tena, na mwaka 1948 akaipata Calcutta, katika kampuni ya Kiingereza ya Associated Electrical Industries. Hesabu ikawa ileile kwa mara nyingine. Calcutta kulikuwa na kaka yake wa pili, na mtoto asingekosa nyumba yenye watu.

Alidumu hapo kwa karibu miaka 30.

Umeme wa Bhakra

Kazi yake Calcutta haikuwa ya kupigwa picha. Alisanifu njia za kusafirisha umeme, alipanga ramani za vituo vya kupoza umeme, alishughulikia vifaa vya kinga na kusimamia mikataba. Kwa mtu asiye wa fani hiyo maneno hayo hupita sikioni bila kuacha kitu, kwa hiyo tuyafungue.

Umeme ukisafirishwa mbali hupotea njiani kwa kuzipasha nyaya joto. Upotevu huo hukua upesi kuliko mkondo wenyewe: ukiongeza mkondo mara mbili, unapoteza mara nne. Dawa yake ni kupandisha msongo wa umeme ili mkondo upungue, na kazi hiyo hufanywa na transfoma. Umeme unapokaribia mji hushushwa tena hadi kiwango ambacho nyumba inaweza kukipokea bila kuungua. Hiyo ndiyo kazi ya kituo cha kupoza umeme. Anayekipanga kituo hicho lazima aamue kila transfoma ikae wapi, nyaya zipishane kwa umbali gani, na fundi apite wapi bila kuguswa na mauti.

Vifaa vya kinga navyo ni askari wa usiku. Radi ikipiga, mti ukiangukia nyaya au mtambo ukipata hitilafu, vifaa hivyo hutambua na kukata umeme katika sehemu ndogo ya sekunde, tena hukata palipoharibika tu ili kwingine taa ziendelee kuwaka. Vikikosewa, hitilafu ya kijiji kimoja hulitia giza jimbo zima. Vikipangwa vizuri, hakuna anayejua kwamba viko. Mhandisi wa aina hii akifanya kazi yake barabara, matunda yake ni usiku ambao hakuna kibaya kilichotokea.

Miongoni mwa miradi aliyoifanyia kazi ni mitambo ya kufua umeme ya Bhakra Nangal. Bwawa la Bhakra limejengwa kwenye mto Sutlej, kaskazini mwa India. Ukuta wake wa zege una urefu wa mita 226 kwenda juu, na nyuma yake maji yamefanya ziwa linaloitwa Gobind Sagar. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru, aliyeifananisha miradi ya aina hiyo na mahekalu ya India mpya, ndiye aliyelizindua rasmi tarehe 22 Oktoba 1963. India iliyopata uhuru mwaka 1947 ilihitaji maji ya kumwagilia mashamba na umeme wa kuendesha viwanda, na Bhakra ilikuwa moja ya nguzo za ndoto hiyo.

Katika mamia ya kurasa za hesabu na michoro iliyolifanya bwawa lile litoe umeme, zimo kazi za mjane ambaye, kwa mila za utoto wake, hakutakiwa hata kuonekana harusini.

Alichowaambia Wamarekani

Wenzake wa fani walimtambua hatua kwa hatua. Taasisi ya Wahandisi wa Umeme ya London ilimpokea kama mwanachama mshiriki mwaka 1953, na mwaka 1966 ikampa uanachama kamili.

Katikati ya miaka hiyo ilikuja safari ya New York. Juni 1964 ulifanyika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wahandisi na wanasayansi wanawake, na Lalitha akaalikwa. India haikuwa na chama chochote cha wahandisi wanawake ambacho angekiwakilisha, kwa hiyo alikwenda kwa jina lake mwenyewe. Akizungumza na mwandishi wa habari huko Marekani, alisema kwamba kama angeishi miaka 150 kabla ya siku ile, angechomwa moto pamoja na maiti ya mumewe.

Hakuwa akitia chumvi. Alikuwa akizungumzia sati, desturi ya mjane kuteketea juu ya kuni za mazishi ya mumewe, ambayo serikali ya kikoloni ilianza kuipiga marufuku kule Bengal mwaka 1829. Naye alikuja New York kama mhandisi wa umeme, binti yake akiwa amekwisha kuwa mtu mzima.

Aliporudi nyumbani hakuiweka safari ile kabatini kama kumbukumbu. Mwaka 1965 alijiunga na jumuiya ya wahandisi wanawake ya London kama mwanachama kamili, na mkutano wa pili ulipoandaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1967, yeye ndiye aliyekuwa mwakilishi wa maandalizi kwa upande wa India. Bwenini Guindy alikuwa amejua maana ya kukosa mwenzako. Sasa alikuwa akiwatafutia wengine wenzao.

Alistaafu mwaka 1977. Tarehe 12 Oktoba 1979 alifariki dunia baada ya mshipa wa damu kupasuka kichwani. Alikuwa na miaka 60. Hakuwahi kuolewa tena.

Anayemhitaji Lalitha leo

Nimeyarudia maisha haya mara kadhaa nikitafuta mahali ambapo yangeweza kukatika. Ni pengi. Kama baba asingeweka sharti la darasa la kumi, Lalitha asingekuwa na cheti cha kuingilia Queen Mary. Kama Chacko na Statham wangesema “tutalifikiria”, mwaka ungepita, na mwingine. Kama kaka zake na wake zao wangeuona mtoto wa mjane kuwa mzigo, Jamalpur, Simla na Calcutta zingebaki majina kwenye ramani. Kama wale wasichana wawili wasingeitikia tangazo, huenda upweke ungemshinda kabla ya hesabu kumshinda.

Binti aliyefaulu fizikia yupo katika kila mtaa. Wakati mwingine ni yatima, wakati mwingine amezaa kabla ya wakati na watu wamekwisha kumwandika kwamba habari yake imekwisha. Tunapenda kumwambia ajiamini, asikate tamaa, afuate ndoto. Maneno hayo ni mazuri, lakini Lalitha alipewa zaidi ya maneno. Alipewa mtu wa kukaa na mtoto. Alipewa mtu aliyekwenda ofisini kwa niaba yake. Alipewa mkuu wa chuo aliyejibu ndiyo wakati hapakuwa na mfano wa kuuiga. Alipewa wenzake.

Na kila mmoja wetu ni mmoja kati ya watu hao kwa binti fulani. Huenda wewe ndiye mjomba au shangazi mwenye chumba, mwalimu anayejua fomu za maombi zinatoka lini, au fundi mkuu wa karakana anayepokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Huenda ndiwe baba ambaye jana ulisema hapana, na leo bado hujachelewa kuvaa viatu.

Lugha yetu tayari inasema “yeye” bila kuuliza ni nani. Karani wa Guindy alihitaji kalamu kulisahihisha neno moja kwenye cheti. Sisi cheti chetu kiko sawa. Kilichobaki ni ile picha inayotujia tunaposikia kwamba mhandisi amefika.